Ukame wa Kale wa Karagwe na Mashahidi Wake

Jambo ninalokusudia kulizungumza nanyi leo ni ukame uliopata kuifika nchi ya Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, katika dahari zilizopita, na hasa namna ambavyo mtu wa leo, asiyekuwapo wala asiyeachiwa waraka na aliyekuwapo, aweza kujua kwa yakini ya kuiridhisha akili kwamba miaka 400 au 1,000 iliyopita mvua zilikatika, maziwa yakarudi nyuma, na watu wakahama na mifugo yao. Ninaposema Karagwe nainena kwa maana yake ya kale, nikiijumlisha ndani yake wilaya ya Kyerwa iliyotengwa mwaka 2012, kwa sababu mambo haya yalitukia kabla ya mipaka ya leo kuwekwa, na mengi katika hayo yalitukia zama za wafalme Wahinda waliokuwa na makao yao Bweranyange.

Huenda msikilizaji akauliza ni faida gani tutakayoipata kwa kuchunguza kiu ya watu waliokwisha kufa. Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni hili. Vitabu vya vipimo vya mvua katika nchi yetu havina umri mkubwa, kwani vilianza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelezwa na Waingereza, na kwa sehemu nyingi za bara vina mapengo. Na kumbukumbu ya mzee mmoja, hata awe na akili timamu namna gani, haivuki kwa urahisi miaka 70 au 80. Mtu anayepima tabia ya mvua kwa muda mfupi kama huo aghalabu hudhani kwamba yale aliyoyaona ndiyo yote yawezayo kutokea. Na Karagwe si nchi ya kufanyiwa dhana, kwa maana ilhali Bukoba, iliyoko kando ya Ziwa Victoria, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku kwetu nyuma ya milima hupatikana karibu nusu ya hizo. Nazo hugawanyika katika misimu miwili, masika na vuli, ambayo mmoja ukikosekana maharage hunyauka, na yote miwili ikikosekana hata mgomba huinamisha majani.

Sasa tuwaendee mashahidi. Katika nchi za baridi wataalamu hukata kipande cha mti na kuhesabu pete zake, kwa kuwa mti wa huko husimama kukua wakati wa baridi na kuendelea tena joto lirudipo, hivyo kila mwaka huacha pete moja, nyembamba ikiwa mwaka ulikuwa mbaya na nene ikiwa ulikuwa wa neema. Kwetu tulio karibu na Ikweta, wenye misimu miwili ya mvua na joto lisilobadilika sana, miti mingi haiweki pete za mwaka kwa utaratibu huo, na kwa hiyo imetulazimu kutafuta ushahidi kwingine. Nitawaleteeni mashahidi watatu, nao ni maji ya Mto Naili, matope ya maziwa, na riwaya za wazee. Nami nataka tuwasikilize kama kadhi mwadilifu anavyowasikiliza waliofika mbele yake, akimpa kila mmoja nafasi ya kusema, akiijua ila ya kila mmoja, na asimhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja peke yake.

Shahidi wa kwanza anakaa mbali sana na Karagwe, katika mji wa Kairo nchini Misri. Huko, kwenye kisiwa cha Rauda katikati ya Naili, kuna kisima cha mawe chenye nguzo iliyochongwa alama za dhiraa, kiitwacho mikyasi, ambacho jengo lake lilisimamishwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa dola ya Abbasia. Na kumbukumbu za kina cha mto huko, zilizoanza karne ya 7, kabla ya jengo hilo, na kukusanywa baadaye na wanahistoria wa Kiislamu, zilichapishwa pamoja mwaka 1925 na mwanamfalme wa Misri, Omar Toussoun. Makarani wa mikyasi waliandika mambo mawili kila mwaka: kiwango cha juu kabisa cha gharika, ambacho kilimwonyesha mtawala kodi atakayotoza, na kiwango cha chini kabisa kabla ya gharika kuanza. Kiwango cha juu hutokana na mvua za milima ya Uhabeshi, ambazo humwagwa Naili kati ya Juni na Septemba. Lakini kile cha chini, kinachopimwa wakati maji ya Uhabeshi yamepungua, hutegemea zaidi Naili Nyeupe, yaani maji yanayotoka katika maziwa ya Ikweta. Na mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika Ziwa Victoria ni huu huu Kagera, unaopita kando ya Karagwe na Kyerwa ukitugawa na Rwanda na kisha na Uganda. Kwa hiyo karani wa Kairo aliyeandika kwamba mto umepungua kupita desturi alikuwa, bila ya yeye kujua, akiandika habari za vilima ambavyo hakupata kuvisikia hata kwa jina.

Hata hivyo shahidi huyu anayo ila, nasi hatuna budi kuitaja. Tope la Naili huinua kitako cha mto kadiri miaka inavyokwenda, na hivyo dhiraa kumi za karne ya 8 si dhiraa kumi za karne ya 15. Vinamasi vikubwa vya Sudani Kusini huyashika maji njiani na kuyapoteza kwa jua. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, wala si mito peke yake. Na baada ya karne ya 15 kumbukumbu zina mapengo ya miaka mingi. Shahidi huyu aweza kutuambia kwamba ukanda wa maziwa kwa jumla ulikuwa na kiu, lakini hawezi kutuonyesha kilima kilichoumia zaidi.

Shahidi wa pili ni tope. Kila mwaka ziwa hupokea vumbi, majani, chavua ya maua, majivu ya mioto ya nyika na mabaki ya viumbe wadogo waliokufa ndani yake, na vyote hivyo hutulia chini, tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini na la karibuni likiwa juu. Mtaalamu huteremsha bomba refu kutoka kwenye mashua, akalishindilia kitakoni mwa ziwa, akatoa nguzo ya tope ambayo haikuvurugika, kisha akaichunguza sentimita kwa sentimita. Wamo humo mwani wadogo sana waitwao daiatomu, wenye maganda ya kioo yasiyooza, na kila aina yao hupenda maji ya namna yake. Ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji linapopungua, chumvi hukolea, na wale wapendao maji matamu huwaachia nafasi wale wastahimilio chumvi. Chavua huonyesha kama msitu ulisogea au majani ya nyika yalitawala, na makaa huonyesha mioto. Ama umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni ya namna ya 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 tangu mmea ulipokufa. Na kwa tabaka za miaka kama 150 iliyopita hutumika risasi ya namna ya 210, ambayo hupungua upesi zaidi.

Kazi iliyopata sifa kubwa katika mlango huu ni ile ya Dirk Verschuren wa Ubelgiji, pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming wa Kanada, iliyotolewa mwaka 2000 katika jarida la Nature. Walichimbua tope la Ziwa Naivasha, nchini Kenya, na kusoma humo habari za miaka 1,100. Waliona kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko ilivyo leo. Kisha ikafuata zama ndefu ya mvua mpaka karibu na 1850. Lakini zama hiyo ya neema ilikatizwa mara tatu na ukame mkali, wa kwanza kati ya 1390 na 1420, wa pili kati ya 1560 na 1625, na wa tatu kati ya 1760 na 1840. Tafadhali, msikilizaji, itafakari miaka hiyo. Ukame wa kwanza ulichukua miaka 30, wa pili 65, na wa tatu 80. Haina maana kwamba hapakunyesha hata tone kwa muda wote huo, bali kwamba hali ya kawaida ilikuwa ni upungufu, kiasi ambacho mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa ukame aliweza kuzeeka na kuzikwa bila ya kuliona ziwa likiwa mahali ambapo babu yake alilizoea.

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Ingekuwa rahisi kuichukua hesabu ya Naivasha na kuitandika juu ya Karagwe, tukasema kwamba yaliyowapata wale yalitupata na sisi. Na wako waliofanya hivyo. Lakini wataalamu wengine, akiwemo James Russell pamoja na Thomas Johnson, walipochunguza tope la Ziwa Edward, lililoko mpakani mwa Uganda na Kongo, na wenzao walipochunguza maziwa madogo ya volkano ya magharibi ya Uganda, waliona kinyume cha mambo: kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, wakati Naivasha ilipokuwa kwa jumla katika neema yake, magharibi kulitawaliwa na ukavu. Ina maana kwamba ukame haukuwa mmoja kwa Afrika Mashariki yote, kwani upepo wa Bahari ya Hindi unaoleta mvua upande wa mashariki na ule unyevu utokao misitu ya Kongo havikutii amri moja. Na Karagwe iko wapi? Iko katikati, tena karibu zaidi na Edward kuliko Naivasha. Nchi iliyo mpakani mwa tabia mbili za hewa haiwezi kuhukumiwa kwa ushahidi wa jirani. Yatupasa kuyauliza maji yake yenyewe.

Nikitaja kwa ufupi zama za mbali zaidi, ni kwa ajili ya kuonyesha upeo wa jambo hili. Tope la Ziwa Victoria limebainisha kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita ziwa hilo, kubwa kuliko yote katika Afrika, lilikauka kabisa likawa uwanda, kwani chini ya tope la leo umekutwa udongo mgumu wa nchi kavu. Na barafu ya Kilimanjaro, iliyotobolewa mwaka 2000 na Lonnie Thompson na wenzake, ina tabaka la vumbi la karibu miaka 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkubwa. Hayo yote yalikuja bila ya kiwanda wala gari la moshi duniani.

Shahidi wa tatu ni mwanadamu. Katika riwaya za ukanda wote wa maziwa makuu, kutoka Bunyoro mpaka Karagwe, hutajwa Wachwezi na mfalme wao wa mwisho, Wamara, na jinsi utawala wao ulivyotoweka katika misiba. Na riwaya nyingi humtaja Ruhinda, mwasisi wa nasaba ya Wahinda iliyotawala Karagwe, kuwa ni mwana wa Wamara. Israel Katoke aliyakusanya mengi ya habari za ufalme huu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1975. Mwaka 1979 James Bertin Webster, mwanahistoria aliyepata kufundisha Makerere, alitoa pamoja na wenzake kitabu kilichojaribu kuzioanisha riwaya za njaa na uhamaji na vipimo vya mikyasi ya Kairo, na mmoja wa wenzake hao, Ralph Herring, ndiye aliyeishughulikia hesabu ya mikyasi. Walishika kwamba njaa zilizohadithiwa katika falme mbalimbali zilikuwa ni zile zile, na kwamba mojawapo, kubwa kupita zote, iliangukia mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17. Baada ya miaka zaidi ya 20, tope la Naivasha lilipotoa ukame wa 1560 hadi 1625, Verschuren mwenyewe alizirejea riwaya hizo na kuona zinapatana na tope.

Lakini insafu inatutaka tuseme pia kwamba David Henige, katika kitabu chake cha 1974, alikuwa ameonya dhidi ya kuzigeuza nasaba za wafalme kuwa kalenda. Onyo lake lina uzito, na hesabu yake yeyote aweza kuifanya: ukihesabu vizazi 15 kwa miaka 25 kila kizazi, utafika mahali pamoja, ukivihesabu kwa miaka 30, utafika mahali pengine, na tafauti yake ni miaka 75, muda unaoweza kuumeza ukame mzima wa miaka 65 na kubakiza. Ndiyo maana wanahistoria hushikilia sana matukio ya mbinguni, kama kupatwa kwa jua kulikohadithiwa Biharwe, karibu na Mbarara nchini Uganda, wakati mfalme Olimi wa Bunyoro alipouvamia ufalme wa Nkore, ambako wengi wamekuhesabu kuwa ni kule kwa tarehe 17 Aprili 1520. Tukio la namna hiyo ni kigingi. Vizazi vilivyo kabla na baada yake huweza kufungwa hapo visipeperuke.

Upo pia ushahidi wa wazee wa Karagwe uliokwisha kuandikwa. Mwaka 1861, miaka 1,000 kamili baada ya kujengwa kwa mikyasi ya Rauda, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita kwenye Ziwa Burigi wakielekea kwa Rumanyika, Omukama (yaani mfalme) wa Karagwe, nao wakitafuta chimbuko la mto ule ule uliopimwa Kairo. Speke aliandika kwamba wenyeji walimweleza kuwa ziwa lile zamani lilikuwa pana zaidi na kwamba limepungua. Wazee wale hawakuwa na chombo cha kupimia, lakini walijua ukingo wa maji wa baba zao ulikuwa wapi, na neno lao lingali likingoja kusimamishwa mbele ya tope la Burigi lenyewe.

Basi tukiwasikiliza mashahidi wote watatu, ni hukumu gani itakayotoka? Kwanza, kwamba katika ukanda huu ukame wa kudumu kizazi kizima na zaidi umepata kutokea, si mara moja, na kwa hiyo mipango ya visima, malambo, kahawa na migomba isitegemee kwamba mwaka mbaya daima hufuatwa na mwaka mzuri. Pili, kwamba neema na nakama zimo katika tabia moja: sisi wa zama hizi tumeliona Ziwa Victoria likipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likishuka sana mwaka 2006, na mwaka 2020 likipanda tena hata kuingia katika nyumba za watu. Tatu, kwamba joto la dunia linaloongezeka sasa kwa amali ya wanadamu linakuja juu ya mabadiliko hayo ya asili, wala haliyafuti. Na nne, kwamba hesabu ya Karagwe haitakamilika kwa kuazima ya wengine.

Kwa sababu hiyo ninayo maombi kwenu. Ombi la kwanza ni kwa wenye mabonde. Kinamasi cha mafunjo kilicho kando ya Kagera au chini ya kilima chako kimehifadhi chini yake tope la karne nyingi, na maadamu limelowa, chavua na makaa yaliyomo hayaharibiki. Lakini kinamasi kikichimbiwa mitaro, kikakauka na kulimwa, hewa huingia, chavua huoza, tabaka huchanganyika, na ushahidi huo haurudi tena hata kwa fedha nyingi. Najua haja ya shamba ni ya kweli, na simkatazi mwenye njaa kulima. Naomba tu kwamba katika kila bonde ibakizwe sehemu isiyoguswa, hasa pale penye tope la kina. Hifadhi za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, zilizotangazwa mwaka 2019, zinalinda wanyama na misitu, na zihesabiwe pia kuwa zinalinda maktaba ya nchi.

Ombi la pili ni kwa vijana. Nendeni kwa wazee kabla ya mazishi yao, mwandike kila habari ya njaa kwa jina lake, na jina la kilima, na ukoo uliohama na mahali ulikohamia, na kijito kilichokauka, na chakula cha porini kilicholiwa, na jina la Omukama aliyekuwa akitawala. Wala msizisahihishe habari zinapogongana, kwa kuwa mgongano wenyewe ni ushahidi. Ombi la tatu ni kwa walimu wetu: kipimo cha mvua si chombo cha gharama kubwa, na shule inayoandika milimita kila asubuhi bila ya kukosa, kwa miaka 30 mfululizo, itakuwa imewapa watu wa baadaye jambo ambalo sisi tunalitafuta kwa shida chini ya maziwa. Na ombi la mwisho ni kwa vyuo vikuu vyetu vya Tanzania: wapelekeni wanafunzi Burigi na Ikimba, na kwenye vinamasi vya Kagera, wakiwa na mabomba ya kuchukulia tope na daftari za kuandikia maneno ya wazee, vyote viwili pamoja, kwa maana kimoja bila ya kingine hakitoshi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Historia ya mvua ya Karagwe na Kyerwa imo mvunguni mwa maziwa na vinamasi vyake na vifuani mwa wazee wake. Tuiinamie tuitoe wakati ingali ipo, ili wajukuu wetu wasije wakashtushwa na jambo ambalo nchi ilikwisha kulijua.